Khanga za Kwaya kwenye Densi ya Kiayalandi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu kwenye basi la Kipling, hapa Toronto, watu wakinitazama.

Tulikuwa ukumbi wa chini ya kanisa, mtaani kwetu Rexdale. Ibada ya Kiswahili imekwisha, masufuria ya pilau yako mezani yamefunikwa. Ma'mkubwa Atupele, dada yake mama, aliyenilea, alivuta kiti hadi katikati ya ukumbi, akakaa, akavua viatu, akaniambia mbele ya kwaya nzima, "Sekela, unacheza vizuri mno. Haya, sisi tumefaidika nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niwe mwalimu. Ngoja nikueleze taratibu. Na usishangae nakuita mwanangu ilhali mvi bado sijazipata. Darasani kwangu wote ni wanangu, hata walionizidi urefu.

Nilifika Toronto kutoka Mbeya nikiwa mtoto. Chini ya ghorofa letu kulikuwa na ukumbi wa mtaa, na kila Jumanne jioni ukumbi ule ulinguruma. Nilidhani mafundi wanapigilia misumari. Siku nilipochungulia nikakuta watoto wamevaa viatu vyeusi vya soli ngumu, migongo imenyooka, mikono imelala ubavuni, na miguu inafanya mambo ambayo sikujua miguu inaweza. Mwalimu wao, Noreen, mama wa Kiayalandi mwenye nywele nyeupe, akaniona.

"Unaingiza baridi hapo mlangoni," akasema. "Ingia, ufunge."

Nikaingia. Sijatoka hadi leo.

Nilimaliza sekondari, chuo sikwenda, nikapata kazi Malton kwenye kiwanda kinachofungasha vyakula vya abiria wa ndege. Mikono ilipanga trei, miguu chini ya meza ikicheza. Msimamizi wangu alishazoea. "Sekela," alikuwa akinitania, "ndege yenyewe haiendeshwi kwa miguu."

Kisha nyonga ikaanza kumsumbua Mwalimu Noreen, akatutangazia kwamba mwaka ule ndio wake wa mwisho. Bila mwalimu mwenye cheti watoto wetu wasingeruhusiwa kushindana, na darasa lingefungwa. Darasa jingine lililokuwa karibu nasi lilitaka mtoto apande basi, abadilishe, abadilishe tena. Mzazi gani wa Rexdale anayetoka shifti angeweza hilo? Mwalimu akamaliza kusema, akanitazama mimi. Nikajikuta nimesema mtihani wa ualimu nitaufanya. Usiku ule sikulala kwa furaha. Ma'mkubwa aliuliza jambo moja tu, kama mtihani huo una maswali ya kuchagua.

Hauna. Unacheza mwenyewe mbele ya watahini. Unapigiwa muziki, unasema ni wa densi gani. Unatakiwa uzijue densi za kundi, nani anasimama wapi, anapita upande gani, anampa nani mkono. Halafu unaletewa watoto usiowajua, unaambiwa wafundishe. "Hapo ndipo wengi wanapoangukia," Mwalimu Noreen alinionya, "na wanaoanguka ni wachezaji wazuri."

Nilimsikia kwa sikio moja. Nilikuwa na mori, mwanangu. Nilihitaji watu wanane wa kufanyia mazoezi, nikawaomba kina mama wa kwaya, wakakubali kwa sababu ni watu wa kukubali. Basi Jumapili ile nikawaonyesha. Niliruka, nikazunguka, nikagonga sakafu mpaka vifuniko vya masufuria vikalia. Wakapiga vigelegele. Nikarudia, vigelegele tena. Hakuna aliyenyanyua hata kisigino. Ndipo Ma'mkubwa akavuta kile kiti na kuuliza lile swali.

"Lakini nimewaonyesha, Ma'mkubwa."

"Umetuonyesha wewe ulivyo," akasema. "Huu mguu wangu wa kulia nauweka wapi?"

Uso wangu ukapata joto. Nikapiga magoti, nikaushika mguu wake, umevimba kwa kusimama wiki nzima kwenye ghala analofanyia kazi, nikauweka panapotakiwa. Kisha wa kushoto. Nikamwinua, nikahamia kwa mwenzake. Kwa mara ya kwanza siku ile niliwatazama wao.

Miguu ikaanza kuelewa. Mikono ndiyo ikagoma. Densi hii mikono haipepei, na kina mama zetu, unawajua, muziki ukilia mabega yanatangulia. Mama Kevin, Mkenya, muuguzi, alisimama akashika kiuno. "Sasa hii mwili ingine nitaiweka wapi? Niitundike na makoti?"

Wote walikuwa wamejifunga khanga tayari kwa kupakua chakula. Nikamwambia, "Bana khanga yako hapa kwenye mapaja, huku na huku. Usiiachie." Akabana. Mabega yakatulia kama mtoto aliyepewa uji. Wengine nao wakabana, na kabla pilau haijapoa duara lile lilizunguka pasipo mtu kumkanyaga mwenzake. Mama Kevin alitaka turudie, na Ma'mkubwa, aliyekuja na maumivu ya miguu, ndiye aliyekataa tule kwanza.

Jumanne nilimsimulia Mwalimu Noreen. Alicheka huku kajishika nyonga. "Nimekuwa nikikuambia hivyo miaka yote," akasema, "kumbe nilikosa kiti."

Siku ya mtihani niliingia ukumbini moyo unapiga kama viatu vyetu. Watahini wamekaa, kalamu mkononi. Nikaletewa binti mdogo mwenye madoadoa usoni. Kila akiruka, mikono ilipaa kama anafukuza nzi, na kila ilipopaa alizidi kuwaangalia watahini, macho yanalengalenga. Miguu yangu ikaniwasha. Nilijua nikicheza mimi, ukumbi mzima utapendezwa. Nikalikumbuka swali la Ma'mkubwa. Nikachuchumaa.

"Unaitwa nani?"

"Maeve."

"Maeve, niangalie mimi, hao waache waandike. Mguu wako wa kulia uko wapi?"

Akanionyesha. Tukaenda hivyo, pole pole. Kisha nikamwambia abane sketi yake, hapa na hapa. Muziki ukaanza, akaukatiza ukumbi wote mikono imetulia. Akarudi kwangu anahema, vidole bado vimebana.

"Niachie sasa?"

"Achia, ucheze tena."

Akaachia. Akacheza tena, na mikono ikabaki palepale.

Majibu yalikuja kwa simu nikiwa mapumzikoni kazini. Nikampigia Ma'mkubwa, "Nimepita."

"Tumepita," akanisahihisha. "Kwa hiyo Jumanne darasa lipo?"

"Lipo."

"Basi uwahi kufungua. Watoto wasisimame kwenye baridi."

Hayo ndiyo ninayokuachia, mwanangu. Ota, hata kama kwenu hakuna aliyewahi kuota unachoota. Jifunze mpaka miguu ikose usingizi. Lakini ukipewa watu wa kuwafundisha, kipaji chako kikae pembeni kidogo, uwaulize majina, uushike mguu ulioko mbele yako. Na ukiambiwa ukweli na mtu aliyekaa kwenye kiti, usimnunie.

Mungu akupe mtu wa kukuvutia kiti. Akupe ukumbi wenye joto, na mtoto anayechungulia mlangoni, nawe uwe na moyo wa kumwambia aingie, afunge.