Jiwe Alilolikataa Shangazi

Shangazi yangu si msemaji, na kazini kwao walishamzoea hivyo. Miaka ishirini na miwili amekaa chumba cha nyuma cha duka la sonara, kwenye meza iliyochakaa kingo, akipachika mawe kwenye pete. Wateja hawamwoni. Sifa zote wanazizoa wauzaji wa mbele, wenye tai na manukato yao.

Mchumba wangu aliponipeleka kuchagua pete ya uchumba, tulikwenda hapohapo. Muuzaji akatutolea almasi kubwa kama punje ya mahindi. Chini ya zile taa iliwaka kweli. Mchumba wangu akaipenda papo hapo, na mimi, sifichi, macho yalinitoka. Mwenye duka akaagiza Shangazi aitwe, anipime kidole aanze kazi.

Alitoka akifuta mikono kwenye aproni. Kidole changu hakukigusa. Alilichukua jiwe, akasogea nalo dirishani, mbali na taa, akaligeuza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe. Umanjano ukajitokeza. Kisha akabana kioo cha kukuzia jichoni, akalichunguza mpaka muuzaji akaanza kukohoa.

"Hili silipachiki," akasema.

Mwenye duka akamkumbusha, kwa sauti ya kibosi, kwamba jiwe lina cheti. Niliogopa angefukuzwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi.

"Lina ufa, bosi, na ufa umefika ukingoni. Nikilibana kwa vikucha vya pete litamegeka. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, lakini hata angekuwa mtu baki nisingelipachika. Tazama mwenyewe."

Bosi akachukua kioo. Akatazama, akatazama tena. Halafu akalifungia jiwe kabatini, akamvutia Shangazi kiti cha mbele, kile cha wateja, na kumwomba atuchagulie yeye.

Alituchagulia dogo, halifiki hata nusu ya lile, ila jeupe na limechongwa sawasawa, linameta hata kivulini. Mchumba wangu akanong'ona kwamba ndugu zake watatucheka. Shangazi akamjibu kuwa kucheka hakujawahi kupasua jiwe.

Na kweli wamecheka. Wananiuliza mbona dogo hivyo. Nawanyooshea kidole, kifua mbele, nawaambia aliyelichagua na kulipachika ni shangazi yangu.