Tonge Lililobonyezwa Ng'ambo

Novemba 1950 mume wangu alifariki. Alikuwa mpishi wa fundi mitambo mmoja, Mtaliano, kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea. Tulimzika kwetu Makote.

Kwetu mjane hashiki jembe mpaka msiba uondolewe, na msiba wetu haukuweza kuondolewa mpaka wifi mkubwa, dada wa marehemu, ale chakula cha siku hiyo na kusema kwa kinywa chake kwamba ameshiba. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na shamba langu halijaguswa. Unga ulikwisha, waliumaliza waombolezaji. Kilichobaki ni sanduku la tambi alilotuma yule Mtaliano kuwa rambirambi yake.

Nilizijua tambi hizo. Marehemu alikuwa akiniletea mojamoja mfukoni, kama mtu anayeonyesha mbegu. Zile ndefu, alisema, zamani zilianikwa juu ya fito zikaushwe na upepo wa bahari. Zenye tundu ni za mchuzi mzito, upate kuingia ndani. Zilizosokotwa zilianza na wanawake waliozungushia unga uliokandwa kwenye ujiti wa mwavuli. Nyota ndogo ni za supu ya mgonjwa. Na zile kama masikio, dada zake Mtaliano walizibonyeza moja moja kwa dole gumba, wakazianika, wakampelekea kwa meli.

Nilipika masikio kwa kuwa ndiyo yaliyojaa sandukuni. Nilipotaka kumwaga maji ya kuchemshia, shemeji yangu alinidaka mkono.

"Shemeji! Maji yamepandishwa kichwani kutoka bondeni, wewe unainywesha ardhi?"

Akayatia chumvi, yakanywewa kama uji. Mwalimu wa kanisa aliyasifu, akaomba aongezewe.

Wifi akawekewa sahani pamoja na kisamvu cha karanga. Akachukua sikio moja, akaligeuzageuza.

"Hili tonge limeshabonyezwa."

"Ndiyo, wifi."

"Kalibonyeza nani?"

Ningeweza kusema ni mashine. Nikasema, "Dada zake Mtaliano. Kwa gumba."

"Mimi mgonjwa? Mimi mtoto? Nibonyezewe tonge na mwanamke nisiyemjua, tena kwenye msiba wa ndugu yangu?"

"Labda alinawa," akasema shemeji.

"Ulimwona?"

Hakuna aliyemwona. Mwalimu wa kanisa akaulizwa kama dini ina neno. Akasema gumba la Mkristo halina ubaya.

"Na kama ana hasira? Na kama aliyabonyeza huku anamsema mtu?"

Mwalimu akarudi kwenye kikombe chake.

Wifi akasukuma sahani. Wengine nao wakaacha kula, maana nani angetangulia? Nami nasema kweli, saa ile sikuwa namlilia mume wangu. Nilikuwa nawaza mbegu zangu, na jinsi nitakavyokaa kwenye mkeka ule nikisikiliza mvua inanyesha kwenye mashamba ya watu.

Kisha wifi, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akalichukua tena lile sikio. Akalivika kwenye ncha ya gumba lake, akasukuma taratibu. Likapinduka, ndani ikawa nje. Akalikagua.

"Sasa hili nimelibonyeza mimi."

Akachotea kisamvu, akala. Akachukua la pili, akalipindua, akala. Nyumba nzima ikafuata. Watu wazima waliketi wakipindua masikio, na yaliyochanika yalirudishwa kwenye sahani kama yaliyoshindwa mtihani.

"Mwalimu, lako limekuwa pua," akasema shemeji.

"Pua nayo inaliwa," akajibu mwalimu.

Chakula kilipoa, jua likainama, wao bado wanapindua. Sahani yake ilipobaki tupu, wifi alijikagua tumbo kwa kiganja.

"Nimechoka," akasema. Akajifuta gumba. "Lakini nimeshiba."

Akasimama, akanivua kaniki ya msiba kichwani, akaikunja. Asubuhi yake nilikwenda shamba.