Ncha Mpya ya Bernadina

Kwa miaka miwili fimbo ya pool ya Bernadina Tarmo ilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake mweusi wa zipu, na hapakuwa na mtu nyumbani aliyeigusa. Bernadina alikuwa na miaka arobaini na tatu. Alikuwa mke wa Maximilian, mama wa Eva aliyekuwa chuo cha ualimu, mkulima wa mahindi na vitunguu swaumu pale Dongobesh. Kabla ya ajali alikuwa ndiye mwanamke aliyeogopwa kuliko wote kwenye meza za pool, kuanzia Mbulu mjini hadi Katesh.

Alijifunza mchezo akiwa msichana, alipokuwa akimsaidia shangazi yake kwenye baa huko Katesh. Asubuhi, wateja wakiwa hawajafika, alikuwa anafagia, anapanga viti, kisha anacheza peke yake pande zote mbili: mipira myekundu ya kwake, ya njano ya mtu asiyekuwepo. Huyo mtu asiyekuwepo alimfundisha mengi, maana hakuwa anachoka wala hakuwa anamhurumia. Alipoolewa alikuja na fimbo yake, na Maximilian, ambaye hajui hata kushika chaki ya kupaka fimbo, akazoea kumsindikiza kwenye mashindano kama wanaume wengine wanavyowasindikiza wake zao kwenye kwaya.

Ajali ilitokea kwenye mteremko wa kutoka Masieda. Maximilian alikuwa anaendesha pikipiki, Bernadina nyuma amepakata kiroba cha mbegu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa unateleza kama sabuni. Tairi la nyuma likakimbia. Maximilian aliinuka na mikwaruzo magotini. Bernadina aliinuka na kifundo cha mkono wa kulia kimegeukia upande ambao mkono haugeukii.

Hospitalini waliweka vyuma, baadaye wakavitoa. Daktari alimwambia mkono huo utashika jembe, utakamua ng'ombe, utaandika. Juu ya pool hakusema kitu, na Bernadina hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Mwezi wa sita mwaka huu, alipokuwa anapita mbele ya baa ya Patriki na ndoo yake ya maziwa, Patriki alitoka nje akamwita.

"Mama Eva, umesikia? Mwezi wa nane kuna mashindano ya wanawake Katesh. Mbulu na Hanang pamoja. Wawili wa kwanza wanakwenda Babati, kushindania nafasi ya timu ya mkoa."

"Nani anatoka huku kwetu?"

"Hakuna. Yule Lucia wa Balangdalalu anasema anakwenda Katesh kuchukua nafasi yake tu, siyo kucheza. Anasema huku Mbulu wachezaji wameisha."

Bernadina aliweka ndoo chini. "Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe, hapa hapa."

"Niandike jina," akasema Bernadina, akabeba ndoo yake akaendelea na safari.

Alipofika nyumbani alipanda juu ya kiti akaishusha fimbo. Mti wenyewe ulikuwa umenyooka vizuri, lakini ncha, kile kipande kidogo cha ngozi mbele ya fimbo kinachogusa mpira, ilikuwa imekauka, ikang'aa kama jiwe la mtoni, na ufa umepita katikati. Aliigusa kwa ukucha, ikamegeka.

Maximilian alimkuta ameketi kitandani na fimbo mapajani. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Unataka kuiuza?"

"Nataka kucheza."

Maximilian aligeuka akaenda zizini.

Kesho yake Bernadina alikwenda sokoni kwa Yonas, fundi viatu. Mzee huyu alikuwa anashona viatu, mikoba na hata mipira ya miguu, na kwa kuwa alijua ngozi na gundi, wachezaji wote wa pool walikuwa wanampelekea fimbo zao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mfuko nimeutambua kabla yako." Akaipokea fimbo, akaitazama ncha, akatikisa kichwa. "Hii imekufa."

Alifungua kopo la bati akamwonyesha ncha mbili. Moja ilikuwa ya kahawia, ngumu, ndogo kama kifungo cha shati. Nyingine ilikuwa ya rangi ya buluu, laini, ukiibonyeza kwa kucha inaacha alama.

"Ngumu inapiga kwa nguvu na haibadiliki umbo," alisema Yonas. "Lakini ukikosea katikati ya mpira hata kidogo, inateleza. Laini inashika chaki vizuri, inashika mpira, inakusamehe. Ila inakunywa nguvu yako, na baada ya siku chache inalala kama uyoga."

"Weka ngumu. Nimecheza na ngumu maisha yangu yote."

Yonas aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa mwembamba kuliko wa kushoto. Akafungua mdomo, akaufunga. Akachukua wembe, akaondoa ncha ya zamani, akasugua mti kwa msasa, akapaka gundi, akaigandisha ile ya kahawia.

Saa tisa alasiri Bernadina alisimama mbele ya meza ya pool kwenye baa ya Patriki kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Patriki alimpa heshima ya kufungua. Bernadina aliinama, akavuta mkono nyuma, akapiga kama alivyokuwa akipiga zamani, na kifundo kikagoma katikati ya njia. Ncha iligusa ubavu wa mpira mweupe, ukasikika mlio mkavu, tki, na mpira ukaruka juu ya ukingo wa meza, ukadunda sakafuni, ukaishia chini ya benchi.

Watu watatu waliokuwa wanakunywa soda walinyamaza. Hilo lilimuuma kuliko kama wangecheka.

Alicheza michezo minne siku ile. Mara tisa ncha iliteleza. Patriki alimshinda yote minne, na katika mchezo wa mwisho aliukosa makusudi mpira uliokuwa mdomoni mwa shimo.

"Usifanye hivyo tena," Bernadina alimwambia. "Ukinihurumia sitakuja hapa."

Kwa wiki mbili alikwenda kila siku. Asubuhi kukamua na palizi, mchana kupika, saa tisa meza. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu unashuka hadi kwenye paa, na mkono ulimuuma hadi begani. Akajilazimisha. Aliamini kwamba mkono ukichoka kukataa utakubali. Lakini mkono haukukubali, na ncha ile ngumu haikumsamehe hata mara moja.

Siku moja alirudi nyumbani kifundo kimevimba. Maximilian alipasha maji, akatia chumvi, akamwekea beseni miguuni.

"Mama Eva, acha," akasema.

"Kwa nini?"

"Mkono unavimba."

"Ukivimba kwa jembe husemi kitu."

Maximilian alichutama mbele yake, akawa anautazama mkono ndani ya maji. "Ukikosa," alisema taratibu, "watu wanaona umekosa wewe. Mimi naona ule mteremko. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika usukani. Uliniambia tusubiri barabara ikauke, nikasema tutafika. Kila mpira unaokosa ni mimi nimeukosa."

Bernadina hakujua kwamba mumewe alikuwa amebeba jambo hili kwa miaka miwili. Alidhani anaona aibu mkewe kucheza baa. Alitoa mkono kwenye maji, akamshika bega, akamlowesha shati.

"Baba Eva, mimi sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Ila ukiniambia niache, hapo ndipo utakuwa umeninyang'anya. Ajali haikuweza."

Maximilian aliuchukua ule mkono, akaukausha kwa kitambaa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe, "Shida hasa ni nini? Mkono au fimbo?"

Swali lile ndilo lililomfungua macho. Usiku kucha alilifikiria. Mkono ulikuwa umebadilika na hautarudi kuwa ule wa zamani. Yeye alikuwa anaununulia ncha mkono ambao hana tena.

Asubuhi alikuwa kwa Yonas kabla mzee hajafungua kibanda.

"Toa hii. Weka laini."

"Nilitaka kukuambia siku ile," alisema Yonas.

"Ningekukatalia."

"Ndiyo maana nilinyamaza."

Ncha ya buluu ilimpa furaha ya siku nne. Haikuteleza. Mpira mweupe ulimtii, ukaenda na kurudi alikoutaka. Siku ya tano ilianza kutanuka pembeni, ikawa pana kuliko fimbo yenyewe, na mipira ya mbali ikawa inafia njiani. Yonas aliikata kingo kwa wembe. Baada ya siku tatu ikalala tena.

"Sasa mzee, moja inanikataa, moja inalala. Hakuna ya katikati?"

"Ya katikati inapatikana mjini, na mimi sina."

Patriki ndiye aliyeleta jibu, na alilileta kwa mashaka. Mchezaji mmoja wa Arusha aliyewahi kupita pale alimwambia kwamba wenzake wanachukua ncha laini, wanailoweka kwenye maziwa usiku mzima, halafu wanaibana kwenye vaisi, chuma cha kubania, hadi ikauke. Inakuwa imeshikamana, ngumu kiasi, lakini bado inashika mpira. Patriki mwenyewe hakuwahi kuona.

Yonas aliposikia alicheka hadi akakohoa. "Ngozi ya ng'ombe tunairudisha kwenye maziwa ya mama yake!" Lakini mkono wake tayari ulikuwa ndani ya kopo, unatafuta. Alikuwa na ncha tatu za buluu zilizobaki. "Chukua zote. Kama ni ujinga, tuufanye mara tatu."

Nyumbani, Maximilian ndiye aliyekwenda kukamua jioni ile. Alileta kikombe cha maziwa yakiwa bado na povu, akakiweka mezani mbele ya mkewe. Bernadina alitumbukiza ncha zote tatu. Asubuhi walizipeleka pamoja kwa fundi baiskeli mwenye vaisi iliyofungwa kwenye meza yake. Maximilian alikaza mpini mwenyewe, taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, jasho linamtoka kwenye baridi. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili na ya tatu zilikaa siku tatu ndani ya chuma.

Zilipotoka walizipeleka kibandani kwa Yonas. Zilikuwa nusu ya unene wa mwanzo, rangi imefifia. Bernadina aliibonyeza moja kwa ukucha. Alama iliingia kidogo, ikarudi. Aliiweka sikioni, akaigonga kwenye meno, akanusa. Kisha akachukua nyingine akafanya vile vile. Ile aliyoanza nayo ilikuwa imebanwa zaidi upande mmoja. Akaiweka pembeni.

"Hii," akamwambia Yonas, akimpa ile nyingine. Hakuuliza rai ya mtu.

Kwa wiki tano zilizobaki alijifunza pool upya. Aliacha kupiga kwa kifundo, akawa anasukuma kwa mkono mzima kuanzia bega. Alipunguza nguvu nusu. Zamani alikuwa anavunja mchezo kwa mipira ya mbali. Sasa alianza kufikiria mahali mpira mweupe utakaposimama, ili mpira unaofuata uwe karibu. Patriki alimshinda wiki ya kwanza. Ya pili walienda sawa. Ya tatu Patriki akaanza kutoa visingizio kuhusu taa.

Siku ya mashindano Katesh, Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni na ukumbi ulikuwa umejaa. Bernadina alishinda mechi yake ya kwanza bila shida. Katika nusu fainali alipangwa na Lucia.

Lucia alikuwa na miaka ishirini na nne, mrefu, shanga za kwao shingoni na simu mfuko wa nyuma. Alikuja kumsalimia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia wachezaji wa Mbulu tumeisha."

Msichana aliona haya, lakini hakukwepa. "Nilisema. Sikujua utarudi."

"Basi tucheze."

Mechi ilikuwa ya michezo mitatu. Lucia alichukua wa kwanza haraka, mipira inalia mashimoni kama radi, na Bernadina alijiona mwenyewe wa miaka kumi iliyopita. Wa pili Bernadina alimkaba: kila alipokosa nafasi, aliuacha mpira mweupe nyuma ya mipira yake myekundu, Lucia akawa hana njia. Msichana akakasirika, akapiga kwa nguvu, akatumbukiza nyeupe, na Bernadina akamalizia mchezo. Sasa walikuwa sawa, mchezo mmoja kwa mmoja.

Katika wa tatu Bernadina alibaki na nyeusi peke yake, mpira wa mwisho unaoamua mshindi. Ilikuwa imegusana na ukingo wa meza, mwisho kabisa, na nyeupe ilikuwa mbali. Zamani angeifyatua. Aliinama. Maximilian alikuwa amesimama kwenye nguzo, kofia mkononi, ametazama sakafu.

"Baba Eva," Bernadina aliita bila kuinua kichwa, "tazama huku."

Alitazama. Bernadina alisukuma fimbo. Nyeupe ilikwenda polepole, ikijizungusha, watu wakasogea mbele kuona kama itafika. Ilifika. Nyeusi ilianza kutambaa ikiegemea ukingo, ikasita mdomoni mwa shimo, ikaingia.

Fainali alishindwa, na alishindwa vibaya, na mwanamke wa Katesh ambaye hakukosa kitu siku ile. Kifundo kilikuwa kimeshachoka. Lakini wawili wa kwanza ndio waliokuwa wanakwenda Babati, na jina lake liliandikwa la pili.

Waliporudi Dongobesh Jumapili jioni, majirani walikuja kumpongeza, na mmoja akamwambia sasa apumzike, ameshaonyesha alichotaka kuonyesha. Bernadina alimshukuru, akamkaribisha chai.

Jumatatu saa tisa alasiri alisukuma mlango wa baa ya Patriki. Hapakuwa na mteja hata mmoja.

"Leo pia?" Patriki aliuliza. "Babati bado wiki sita."

"Yule wa Katesh naye atakuwepo," alisema Bernadina, huku akikunja mkono wa sweta. "Panga mipira."