Uyoga wa Kando ya Dimbwi

Kwetu Migori, anayejua mahali uyoga unapoota hamwambii jirani. Mume wangu alinionyesha kichuguu chake baada ya miaka saba ya ndoa. Kiko nyuma ya boma, hatua chache kutoka dimbwi alilokuwa akioshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki.

Alifariki mwaka jana. Mikono yake ilianza kutetemeka, ikafika mahali nikawa namshikia kikombe. Hospitalini waliandika figo. Sijui zaidi ya hapo, na sitasema nisilolijua.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, uyoga uliota kama kawaida. Niliuchuma peke yangu, nikaukausha juu ya gunia, nikampelekea binti yetu Homa Bay. Ana mimba ya kwanza. Kila chakula alikuwa akikitapika, isipokuwa uyoga wa karanga. "Mama, niletee mwingine," aliniambia kwa simu, nami nikapeleka tena na tena. Tangu mazishi, hiyo ndiyo kazi pekee iliyonitoa kitandani.

Halafu afisa wa afya akaja kuzungumza na wanawake kwenye uwanja wa kanisa. Alisema uyoga hufyonza kilicho udongoni, na ulioota karibu na maji ya kuoshea dhahabu usiliwe, hasa na mwenye mimba.

Jirani yangu muuza samaki wa omena akainuka. "Daktari, uyoga wetu ni wa kichuguu. Huo umelimwa na mchwa. Mchwa watalima sumu?"

"Mama, mchwa hawajui dimbwi liko wapi."

"Na tunauchemsha, tunamwaga maji ya kwanza!"

"Maji hayo yanatoa uchungu. Zebaki inabaki."

"Basi tule nini, mawe?"

"Mawe mmeshayasaga mkitafuta dhahabu, ndiyo yametufikisha hapa."

Walicheka, naye akacheka. Mimi sikuweza. Maisha yangu yote nimeogopa uyoga ule unaoua mtu siku hiyo hiyo, na huo naujua kwa rangi na kwa harufu. Huu wetu tuliula miaka mingi, tukaamka kesho yake, tukahesabu kwamba ni salama. Nilikuwa nikilizunguka lile dimbwi na kikapu mkononi, nikiangalia tu nisiteleze.

Sikupiga simu. Kesho yake nilisafiri hadi Homa Bay, nikamkuta binti yangu ameketi jikoni na sahani mapajani.

"Karibu, mama. Umeleta?"

"Sijaleta. Weka hiyo chini kwanza."

Nilimweleza yote kama nilivyosikia. Akauliza, "Mtoto atakuwaje?"

"Sijui, nyathina, mwanangu."

"Wewe ndiye uliniletea."

"Ni mimi."

Tulienda kliniki pamoja. Muuguzi hakutugombeza. Alisema hapo hawana kipimo cha zebaki, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, akamwambia aache uyoga huo leo na asikose kliniki hata mara moja. Alimwekea kifaa tumboni, tukasikia moyo wa mtoto ukienda mbio. Binti yangu alilia. Mimi nilikuwa nimechoka hata kulia.

Tuliporudi nilikusanya uyoga wote uliobaki. Nilifikiria kuwapa kuku, nikakumbuka kuku nao wataliwa. Nilifikiria kuuchoma, nikakumbuka mume wangu akichoma dhahabu yake na ule moshi uliokuwa ukituingia puani. Nikaamua ni chooni tu.

Ndipo binti yangu akatoa mkebe chini ya kitanda. Ulikuwa na uyoga mkavu, umejaa nusu.

"Huu ni wa baba," akasema. "Alinipa mara ya mwisho alipokuja. Huu sikuwa nimeula, mama. Nilikuwa nauweka tu."

"Ulitoka palepale."

"Najua. Si mkebe ungekaa tu hapo?"

Nilimtazama. Nilijua siku nyingine ya kutapika itakuja, sufuria itakuwa tupu, na mkebe utakuwa pale chini ya kitanda.

"Nipe."

"Mimi siwezi kuutupa. Mwaga wewe."

Niliuchukua, nikaenda nao chooni nyuma ya nyumba. Uyoga wa mkono wa mume wangu ulikuwa umekatwa vipande vinene, kwa sababu hakuwa tena na mkono uliotulia wa kukata vyembamba. Niliumwaga wote, nikagonga mkebe kwenye ukuta mpaka vumbi likaisha.

Niliporudi alikuwa amelala akiangalia ukuta. Nilikoroga uji, nikaketi kando yake, nikangoja kuona kama utakaa tumboni.