Mwalimu Kumi na Nafasi za Relini

Mume wangu anafundisha fizikia, lakini mtaani wanamjua kwa kazi nyingine isiyo na mshahara. Matokeo ya sekondari yakitoka, wazazi humletea watoto wao awaambie wana nafasi gani ya kuchukuliwa kwenye vyuo vya uhandisi. Hasemi utapata wala hutapata. Anasema, "Nne kati ya kumi," au, "Saba kati ya kumi," na mzazi anaondoka akicheka au amenuna. Ndiyo maana wakamwita Mwalimu Kumi. Alipokuja kuniposa nilimuuliza yeye mwenyewe alijipa ngapi. Akasema tatu, na alikuja hivyo hivyo, shati halijapigwa hata pasi.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani na dirisha la sebule liko nyuma ya kisogo changu, kwa hiyo siri za alama hazinipiti. Nimewasikia wanaume wazima wakipatana naye kana kwamba nafasi ni nyanya. "Mwalimu, ongeza kidogo. Sema sita basi." Naye kwa upole wake: "Mzee mwenzangu, nikisema sita, chuo hakinisikii."

Utaratibu wa kuomba ni mkali. Mwanafunzi anachagua chuo kimoja cha kwanza, na vyuo vizuri hujaa kwa hao waliovitanguliza. Unaweza kubadili hadi siku ya mwisho ya maombi; baada ya hapo, ukiwa umekosea, unasubiri mwaka mzima. Chuo cha kilimani huchukua wenye alama za juu kabisa, cha relini wanaowafuata. Kipo na cha tatu, kidogo, kinachofundisha ujenzi tu.

Mwaka huu alikuwamo binti yetu. Tangu utotoni hakuna pasi wala redio iliyosalimika mikononi mwake, na alichotaka ni uhandisi wa umeme, basi. Baba yake alimpa mbili kati ya kumi kilimani na nane relini. Akajaza relini, sote tukapumua.

Balaa lilianza na sifa. Mzazi mmoja alimrekodi mwalimu kwa simu akieleza kwamba kwa wenye alama za katikati, relini ndiko kwenye uhakika, akaisambaza. Sauti ikazunguka hadi miji ambayo hatujawahi kuikanyaga. Watu wasiotujua wakawa wanapiga kushukuru. Mume wangu alitembea kifua mbele wiki nzima, hata nikamwambia nitamshonea shati pana zaidi.

Aliyeona ni binti. Alikuwa anakusanya glasi baada ya wageni kuondoka.

"Baba, wote hawa umewapeleka relini."

"Alama zao ni za relini."

"Na zangu?"

"Na zako pia, mama."

"Sasa si tutakanyagana mlangoni? Hiyo nane yako umeitoa kwenye miaka ambayo watu walikuwa bado hawajakusikiliza."

Kweli mganga hajigangi. Mume wangu aliketi na karatasi zake, akapiga hesabu upya, na nane ya binti yetu ikawa tatu. Aliyeishusha ni yeye mwenyewe, kwa ile sauti yake.

"Utawaambia?" binti akauliza.

"Nikiwaambia wahame, watasema nakusafishia njia."

"Waambie tu."

Akarekodi sauti nyingine, akaeleza kila kitu bila kujitetea, akaituma kwenye kundi la wazazi. Haikuchukua muda, mwenye saluni ya pale kona, ambaye kijana wake naye aliomba relini, akajibu: "Mwalimu, mbona binti yako hahami?" Watu wakacheka humo kundini, na hakuna aliyehama. Nilikasirika hadi nikashona mkono wa gauni la mtu kwenye shingo.

Kesho yake binti alivaa viatu akaenda kwenye duka la intaneti. Aliporudi alikuwa ameshahamia kilimani, na picha ya ombi lake ameituma kundini kwa simu yangu, chini yake ameandika: "Mimi nimehama. Na nyie hameni."

Baba yake alimtazama. "Kule nilikupa mbili."

"Nakumbuka, Baba."

"Hapa ungebaki na tatu."

"Tatu na mbili ni ndugu. Ila mimi nilijua nina ngapi. Wenzangu walidhani wana nane."

Hapo watu wakaamini. Waliotaka ujenzi wakaenda chuo kidogo, wengine wakaomba vyuo vya mbali, na habari ikasambaa kama ile ya kwanza. Siku ya mwisho ya maombi nilimvuta binti jikoni nikamwambia, rudi relini sasa kimyakimya, pamepungua, nani atakuona?

Akacheka. "Baba naye kaniambia hivyo hivyo asubuhi. Mmepanga?"

Hatukuwa tumepanga.

"Nikirudi, Mama, yule mwenye saluni atakuwa alisema kweli juu ya Baba."

Nilimwonea fahari, na nilitamani asingekuwa na akili hiyo.

Majibu yakatoka. Kilimani alikosa. Relini, alama ya mwisho kuchukuliwa ilishuka hadi chini ya alama zake. Angerudi, angeingia. Alilia siku moja, halafu akafungua vitabu vya mtihani wa marudio.

Jumapili mwenye saluni akaja. Kijana wake hakuhama, na relini wamemchukua. Mdomo uliniwasha, lakini mgeni ni mgeni, nikampa kiti na maji. Alimshika mume wangu mkono, akaomba radhi kwa utani wake, na nadhani aliomba kwa moyo. Kisha akauliza binti anaanza chuo lini.

"Mwakani, akijaliwa," mume wangu akasema.

"Mwakani! Jamani, Mwalimu, na relini palipungua vile? Mimi ningemrudisha."

"Hata mimi, mama. Yeye ndiye aliyekataa."

Mwenye saluni akaweka glasi chini, akatutazama mmoja mmoja, akauliza binti alikataa kwa nini. Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama yeye. Hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia.