Mistari Minne ya Sabuni

Nilikuwa mwaka wa pili wa uchumi chuoni Bukavu, na ugonjwa wa wanafunzi wa uchumi ni kudhani kwamba wao peke yao ndio wanaojua hesabu. Vita vya pili vilikuwa vimepamba moto. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Katana, alikuwa hawezi tena kunitumia maharage wala pesa, maana barabara ipitayo kijiji cha Miti ilifungwa na kufunguliwa jinsi wenye bunduki walivyoamka. Nilipanga chumba mtaa wa Kadutu, nikawa nakula kwa mkopo wa maman mmoja mwenye duka jirani. Mwisho wa mwezi nilimlipa kwa vijisenti nilivyopata kwa kufundisha watoto wa majirani hesabu.

Ni yeye tu aliyekuwa bado anakopesha wanafunzi, na masharti yake hayakuwa na mzaha.

"Mukopo iko ya chumvi na mukate, mon fils," aliniambia siku ya kwanza, akiniita mwanawe. "Pombe, bière, utalipa cash."

Kila nilipochukua kitu alikiandika katika daftari lake, ambalo sote tuliliita carnet, nami nikatia saini mbele ya mstari. Jumamosi alinisomea vyote, nikanakili katika carnet yangu. Jumamosi moja akasoma sabuni. Mimi sikuwa nimechukua sabuni. Nikaweka alama ya msalaba mdogo pembeni. Wiki iliyofuata, sabuni tena, na nusu kilo ya sukari.

Siku zile kushuku watu kulikuwa sehemu ya afya. Nilimshuku mwenye nyumba, nilimshuku mwenzangu wa benchi aliyeuliza sana habari za kwetu, nilimshuku mtu yeyote aliyenisalimia mara mbili. Basi maman huyu, mnene, mpole, aliyenikatia mkate mkubwa kuliko wa wengine, nilimuona ndiye mjanja kuliko wote. Mkate mkubwa ulikuwa chambo, nilijiambia. Nikaanza kutia saini yenye mkia uliopinda, ili akiighushi nimnase.

Sabuni ilipofika ya nne, uvumilivu uliniisha. Ilikuwa asubuhi, saa ya mikate, duka limejaa.

"Maman, unaniibia," nikasema kwa sauti. "Hii sabuni nani alikamata?"

Watu wakageuka. Yeye akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Lipa ile unajua. Ingine uniachie."

Jibu hilo lilinithibitishia. Nani, kama hana hatia, anaacha deni lake hivi hivi? Nilitangaza chuoni kwamba yule ni mwizi, na kwa siku tano wanafunzi wakampita mlangoni. Nilijisikia mtu mkubwa, ingawa njaa ilikuwa inanikata.

Siku ya sita nilirudi mchana, duka likiwa tupu, nikadai kuona carnet yake mwenyewe. Nilitaka kumalizana naye. Akaifungua ukurasa wa mwisho, ule ambao sikuwahi kuonyeshwa. Mistari minne ya sabuni, miwili ya sukari, na mbele ya kila mmoja saini. Haikuwa na mkia uliopinda. Ilikuwa saini niliyoiona chini ya bulletin zangu zote, ripoti za shule, tangu darasa la kwanza.

"Papa yako iko hapa Bukavu tangu mwezi mbili," akasema. "Kule kwenu byote biliungua. Anabebaka mizigo ku soko, analala ku salle ya kanisa. Sabuni anakamataka ku jina yako, na mi nasomaka byote biko ku jina yako. Alinikataza kusema. Alisema mutoto akijua, ataacha masomo aje kubeba na yeye."

Nilikaa juu ya kreti. Miezi miwili baba yangu alikuwa akinipita mtaani kwa kujificha, na kitu pekee alichojiruhusu kutoka kwangu kilikuwa sabuni na sukari kidogo. Nililia, tena bila haya.

"Sabuni, atalipa," maman akasema. "Lakini ile ya kuniita mwizi mbele ya batu, iko yako weye."

Usiku kucha nilipima. Nikisema ukweli, jina la maman linasafika, na siri ya baba inafika sokoni kabla ya jua kuwaka. Nikinyamaza, duka linakufa.

Asubuhi, saa ya mikate, nikasimama mbele ya wote.

"Sabuni nilikamata mimi," nikasema. "Nikakataa ili nisilipe."

Wakacheka, mmoja akatema mate karibu na kiatu changu. Maman hakucheka, aliinamia mikate yake. Tangu siku hiyo, Kadutu nzima, hakuna mwenye duka aliyekubali kuniandikia hata kiberiti, nami sikumlaumu hata mmoja.