Jinsi Ndege ya Kivita Inavyotua

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi, Krismasi moja ya miaka ya sabini. Rubani wa ndege za kivita alifika kwao Nyamache kumposa mdogo wake shangazi. Babu akamuuliza, "Ndege ikitua, huja polepole?"

"Hapana, baba. Ikija polepole inaanguka. Huja mbio kuliko basi, ikigusa ardhi inafungua mwavuli nyuma, uivute isimame."

"Hebu nionyeshe, kijana."

Akatandaza mikono, akateremka ua mbio. Akateleza kwenye matope, akashindwa kusimama. Mbele yake ulikuwa mlango wa mama mkwe, ambao mposaji haruhusiwi kuuvuka. Msichana akamdaka koti kwa nyuma, rubani akasimama kizingitini.

Babu alicheka hadi akaketi. "Mwavuli nimeuona," akasema. "Mchukue."

Babu na rubani wamekwenda. Mwavuli yuko hai, kijijini Itumbe, na lile koti bado analo.